Gurudumu la Kidole Gumba

Mama mdogo hatoboi mbao siku ya kwanza. Wala ya pili. Wateja wenye haraka wamembandika jina la Kipimo, wengine wakilisema kwa kejeli, naye huitika tu. "Tundu halina toba," huwaambia. "Ukishalikosea, kazi yako ni kulitazama."

Na la kwake la kutazama analo. Ukutani, juu ya meza ya kazi, ametundika umbo la gitaa lenye matundu matatu mahali pasipofaa. Alilitoboa zamani kwa kufuata mchoro wa mteja mstari kwa mstari. Mteja alipolivaa akakuta kila akipiga, mkono unagonga kitufe cha sauti na gitaa linanyamaza. Akalikataa. Mama mdogo hakubishana naye. Mchoro ulikuwa wa mteja, ndiyo, lakini keekee ilikuwa mkononi mwake yeye. Siku hizi matundu yale anachomekea bisibisi.

Huyu ni mdogo wake mama yangu. Ni mfupi, miwani yake ameifunga kwa mpira wa nguo isidondokee kwenye kazi. Ufundi aliuanzia kwenye redio. Alikuwa akifagia katika duka la kutengeneza redio, na siku moja akaja mwanamuziki na gitaa lisilosema. Fundi wa pale akamwambia hapa si kwa magitaa. Mama mdogo akaliinamia na ufagio wake mkononi, akaona waya mbili, vikopo viwili na kisumaku. "Si redio hii," akasema, "ila haina stesheni." Akalifunga waya palepale. Tangu hapo ndiyo kazi yake: kutengeneza yaliyoharibika, na mara chache, akipata mtu mvumilivu, kuunda jipya.

Mimi naishi naye tangu nilipojifungua. Mume wangu yuko kwenye ujenzi wa barabara, huja mwisho wa mwezi. Chumba cha mbele ni karakana, cha nyuma tunalala, katikati kuna pazia. Nashona mikanda ya kuvalia gitaa na mifuko ya kubebea. Binti yangu ana miezi kumi na amezoea msasa kama watoto wengine walivyozoea kubembelezwa. Ukisuguliwa analala, ukinyamaza anaamka.

Mama mdogo akifanya kazi huwa na skrubu midomoni, kwa hiyo mazungumzo yake mengi ni "mm". Nazijua zote. Kuna "mm" ya ndiyo, kuna ya nipe koleo, kuna ya mteja huyu ananichosha. Na kuna moja ndefu, ya chini, anayoitoa mara chache, akikutana na jambo asilolielewa.

Mrefu alikuja siku ya Jumatatu, mwanzo wa mwezi. Jina hilo walimpa wenzake wa bendi, na hawakumwonea, maana aliinama mlangoni na bado akagonga kichwa. Kazi yake ya mchana ni kupaka rangi nyumba. Hata masikioni alikuwa na vidoa vyeupe. Mwisho wa wiki anapiga gitaa la besi kwenye bendi ya sherehe.

"Mama fundi, nimekuja uniokoe," alisema kabla hata ya kukaa.

"Kaa kwanza ndipo uzame."

Akakaa. Akaeleza kwamba gitaa lake lina ugonjwa. Wimbo ukianza, besi inakwenda vizuri. Mwimbaji akifungua tu kinywa, pale ambapo besi inapaswa kushuka imwachie nafasi, inakatika. Kimya kidogo, kisha inarudi. Watu wanageuka kutazama.

"Kiongozi wa bendi amenipa mwezi huu tu. Ikikatika tena mbele za watu, nafasi yangu anampa mpwa wake. Na huyo mpwa anakaa pale kwenye mazoezi kama fisi anayengoja mkono udondoke."

Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua mezani. Alitaka gitaa jipya kabisa, na alikuwa ameshalichora: vitufe sita vya kuzungusha na swichi mbili, vyote vimejipanga kwenye kona ya chini.

Mama mdogo akaitazama muda mrefu. "Hili ni gitaa au lori?"

"Vingi ni vizuri, mama. Kimoja kikifa, vingine vinabaki."

"Mm," alisema, ile ya mteja huyu ananichosha.

Lakini kazi aliipokea. Kwanza akalifungua gitaa la zamani. Waya nzima, vikopo vizima. Akalichomeka kwenye spika, akalitikisa, akaligonga kwa ngumi, akamwekea binti yangu alivute nyuzi. Mchana mzima halikukatika hata mara moja. Mrefu aliporudi akaambiwa hivyo.

"Kwako halikatiki. Kwenye bendi linakatika."

"Basi linaogopa watu," mama mdogo akamjibu.

Mbao ilikuwa tayari imekaushwa. Akaichora, akaikata, akairanda, na kwa wiki mbili nyumba yetu ilikuwa na vumbi hadi kwenye uji. Shingo ikakaa, nyuzi zikapangwa kwa kujaribu. Kilichobaki kilikuwa kutoboa matundu ya vitufe, na hapo ndipo alipoacha keekee ukutani na kuchukua boksi la kadibodi.

Hii ndiyo namna yake. Alikata kadibodi sawasawa na uso wa gitaa la zamani la Mrefu, akaifunga juu yake, akaacha wazi kile kitufe cha sauti kinachofanya kazi. Vile vitano vingine vya kwenye mchoro aliviwekea vizibo vya soda kwa gundi, na zile swichi mbili vijiti vya kiberiti, kila kimoja mahali pake. Kisha akasaga chaki, akaichanganya na tone la mafuta ya kupikia ili isipeperuke, akapaka kote.

"Nenda nalo mazoezini hivihivi," alimwambia Mrefu. "Usilifute."

"Watanicheka."

"Wakicheka watakuwa wanakusikiliza."

Aliniambia baadaye kwa nini hapendi kumuuliza mtu anashika wapi. Mdomo unajibu unavyotaka kuonekana. Mkono haujui kama unaulizwa.

Mrefu alilirudisha Jumapili, akaliacha kwangu kwa sababu mama mdogo alikuwa ametoka. Akaomba kunawa, chaki ilikuwa imemfika hadi viwikoni. Nikamwonyesha bomba la uani. Nilikuwa nimembeba mtoto, nikawa namtazama bila nia. Mkono wa kulia aliutanguliza chini ya bomba, wa kushoto akaupitisha juu yake kufungulia, kama mtu anayejikumbatia. Nikadhani ni kwa ajili ya uchafu. Alipomaliza, kufunga pia akafunga kwa kushoto.

Mama mdogo aliporudi aliliweka gitaa mezani, akawasha taa. Vizibo vitano vilikuwa vyeupe pee, havijaguswa hata kimoja. Swichi vilevile. Mchoro wote ule wa lori ulikuwa wa kuringia. Kitufe cha sauti ndicho kilichokuwa kimefutika, na chaki iliyokizunguka imeburuzwa.

Akaligeuza gitaa huku, akaligeuza kule. Akatoa ile "mm" ndefu ya chini.

"Njoo uone, mwanangu. Huu mkono umetoka wapi?"

Nikainama. Michirizi ya vidole haikutoka upande wa juu, ambako mkono wa kulia hulalia gitaa. Upande huo chaki ilikuwa imefutika pale tu mkono ulipolala, hakuna mchirizi unaokwenda kwenye kitufe. Michirizi ilitoka upande wa shingo, ikakatiza chini ya nyuzi, ikafika kwenye kitufe.

"Mtu mwingine alilishika?" akauliza.

Hapo lile bomba likanijia. "Mama, yule kaka hufungua bomba kwa mkono wa kushoto."

"Ana shoto?"

"Brashi ya rangi mwenyewe husema anashika kulia. Kikombe cha chai nilichompa siku ya kwanza pia alishika kulia. Na gitaa si anapiga kulia?"

Mama mdogo akatoa skrubu zote midomoni, jambo asilolifanya hadi wakati wa kula. Akalichomeka gitaa, akalivaa, mkanda ukimfika magotini. Akabana uzi kwa mkono wa kushoto, akaupiga kwa kulia. Sauti ikajaa chumbani. Kisha akaachia shingo, akapeleka mkono wa kushoto kwenye kitufe, kama ile michirizi. Sauti ikafa papo hapo. Akarudisha mkono, ikarudi.

"Ndiyo ugonjwa wenyewe," alisema. "Waya hazina kosa. Mkono wa kulia hauwezi kuzungusha kitufe, kwa hiyo anauazima wa kushoto, na wa kushoto ukiondoka, wimbo unakatika. Tukimtobolea sita, atakatika mara sita."

Siku ya pili yake Mrefu akaingia na furaha. "Umetoboa, mama fundi?"

"Sijatoboa. Kifundo chako cha mkono wa kulia kimefanya nini?"

Uso ukamshuka. Kisha akacheka. Akachukua gitaa na kupiga haraka, vidole vinakimbia kama mvua juu ya bati. "Mkono huu? Umeuona lakini?"

"Vidole nimeviona. Nimeuliza kifundo."

Akaliweka gitaa chini. "Mimi nimekuja karakana, sikuja hospitali. Toboa nilivyochora."

"Sitoboi."

"Jumamosi ndiyo siku yangu ya mwisho! Kiongozi atakuja mazoezini na yule mpwa wake. Kama hutoboi nipe mbao yangu, mafundi hawajaisha duniani."

Mama mdogo akalegeza jiliwa lililolibana, akalitoa lile gitaa jipya, akalifunga kwenye shuka na kulisukuma mezani upande wake. Hakuwa amekasirika. Alilifunga vizuri, pembe kwa pembe, kama anavyofungwa mtoto. Mrefu akalishika. Akasimama. Akabaki amesimama.

Sikujua la kufanya, nikaleta chai. Wakati mwingine mtu anahitaji kitu cha kushika ndipo aseme. Akakaa tena, akakizungushia kikombe viganja vyote viwili.

Alianguka kwenye ngazi mwaka jana, akipaka dari. Alidhani ni kuteguka, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe. Vidole havikupata shida, brashi inapanda na kushuka, lakini kugeuza kiganja, kama kufungua mlango kwa ufunguo, hakuwezi. Hakumwambia mtu. Hata mkewe anadhani ni uvivu, maana siku hizi makopo yote ya nyumbani humwachia yeye afungue.

"Nikisema nina mkono mbovu, nani atanipa besi? Mpwa ana yote miwili."

"Mwanangu, mficha uchi hazai."

"Mimi nina watoto wanne, mama."

"Basi hujauficha vizuri."

Akacheka hadi chai ikamwagika. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa ameshavuta droo ya chini, ile ya redio zilizokufa, anapekua. Akatoa kiredio kidogo cha mfukoni, akampa mkono wa kulia.

"Ongeza sauti."

"Kimekufa hiki."

"Ongeza sauti, nimesema."

Ubavuni mwa kile kiredio kulikuwa na kigurudumu chenye meno madogo, nusu yake imezama ndani. Mrefu akakisukuma kwa kidole gumba. Kikazunguka. Akakirudisha. Kifundo hakikusogea hata kidogo. Akawa anakisukuma mbele na nyuma, kama mtoto aliyepata njuga.

"Hii naweza," alisema hatimaye.

"Najua unaweza. Sasa simama tujue kikae wapi."

Kupanga kukaanza upya. Ule mchoro wa vitufe sita mama mdogo aliugeuza, akauandikia mgongoni. Nikamvika Mrefu gitaa jipya kwa mkanda niliomshonea, nikaurefusha mara mbili. Mama mdogo akampaka chaki kidole gumba tu, akamwambia afumbe macho na apige nyimbo tatu huku akiimba mwenyewe kichwani, na kila mwimbaji anapoingia, asogeze kidole kana kwamba anashusha sauti. Mwanzo alipiga ameketi. Alama za chaki zikajikusanya pembeni mwa pikapu, yaani ule mstari wa visumaku chini ya nyuzi, ambako hupumzisha kidole chake. Mama mdogo akazizungushia penseli. Kisha akamsimamisha, arudie. Alama zikahama upana wa vidole viwili, nazo akazizungushia.

"Sherehe huwa mnapiga mmekaa?"

"Tukikaa hatulipwi."

Akafuta duara la kwanza, akaliacha la pili. Hapo, juu kidogo ya pikapu, mahali ambapo sijawahi kuona kitufe kwenye gitaa lolote lililopita nyumbani, akaandika: sauti.

"Na vingine?" Mrefu akauliza. "Niachie hata kimoja cha kuringia."

Akamwachia kimoja, chini kwenye kona, cha kuifanya sauti iwe nene au nyembamba. Hicho angekipanga kabla ya wimbo kuanza, kwa mkono wowote anaotaka.

Kigurudumu cha kiredio chenyewe hakikufaa, kilikuwa dhaifu mno kwa kisumaku cha gitaa. Kwa hiyo mama mdogo akachukua kikopo cha kawaida, kile kinachokaa chini ya kitufe, akakilaza ubavu ndani ya mbao. Gurudumu akalikata kwenye kifuniko kinene cha plastiki, akalichonga meno kwa tupa, moja moja, akiyahesabu kwa sauti hadi mtoto akalala. Mfereji wa gurudumu hakuutoboa kwa keekee. Alitumia patasi, siku nzima, akipuliza vumbi na kupima, kupuliza na kupima.

Hata hivyo alikosea. Alhamisi Mrefu alikuja kujaribu, akapiga, akashusha kidole ili sauti ipungue, na spika ikanguruma hadi vioo vya dirisha vikatetema. Mtoto akapiga kelele. Jirani akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna ajali.

"Nimeifunga kama redio," mama mdogo alisema, akijipiga paji la uso. "Kwenye redio gurudumu liko ubavuni, juu ni chini." Kile kikopo kina miguu mitatu, akazibadilisha nafasi waya za mguu wa kwanza na wa tatu, basi. Kidole kikishuka, sauti ikashuka.

"Kumbe na Kipimo hukosea?" Mrefu akamtania.

"Waya ina toba," akajibu. "Tundu ndilo halina."

Jumamosi saa nane mchana tulikwenda mazoezini, mimi, yeye na mtoto. Ni chumba cha nyuma ya ghala la saruji, viti vya plastiki, feni inayotazama ukuta. Kiongozi alikuwa mtu mnene mwenye taulo shingoni. Mpwa wake alikaa kwenye kreti mlangoni na gitaa lake limeshatolewa mfukoni. Mrefu hakuwatazama. Alikuwa anatoka jasho kabla ya kupiga.

Wakaanza. Mwimbaji, mwanamke mwembamba mwenye daftari la nyimbo, alikuwa akipepea daftari lake akingoja zamu. Nikakitazama kidole gumba cha Mrefu, sikuweza kutazama kingine. Mwimbaji akavuta pumzi. Kidole kikateleza. Mkono wa kushoto ukabaki shingoni, na besi ikashuka taratibu chini ya sauti ya yule mwanamke, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Haikukatika. Kiitikio kikaja, ikapanda. Ubeti wa pili, ikashuka.

Katikati ya ubeti wa tatu kiongozi akainua mkono. "Simameni!"

Wakaacha kupiga. Nikambana mtoto. Mrefu akafumba macho.

Kiongozi akajifuta uso kwa taulo, akageuka, akamwelekea mpiga ngoma. "Wewe! Kumbe ni wewe unayekimbia? Miezi yote nalaumu besi, besi, besi, sasa besi imetulia ndiyo nasikia unavyokimbia kama umeibiwa!"

"Mimi?" mpiga ngoma akasema, fimbo zikiwa hewani.

"Wewe! Turudie toka mwanzo. Na wewe Mrefu, harusi ya kesho gari linaondoka saa saba. Usinicheleweshe."

"Sawa, bosi."

Mpwa akatazama kulia, akatazama kushoto, akafunga zipu ya mfuko wake.

Wakarudia mara mbili. Walipopumzika mama mdogo akaenda moja kwa moja kwa Mrefu, hakumpa pongezi, akainamisha sikio kwenye spika.

"Kuna mvumo," alisema. "Ukiinua mikono kwenye nyuzi, kuna mvumo mdogo. Ni waya wa ardhini, haujashika vizuri. Nipe nikalifungue, kesho asubuhi utalikuta."

Mrefu akarudi nyuma hatua moja. "Mvumo gani? Mimi sisikii."

"Mimi nasikia."

"Basi usikie, mama yangu. Baada ya harusi nitakuletea." Akalikumbatia gitaa kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule mbovu. "Leo sikupi."

Mama mdogo akamtazama juu ya miwani. "Mm," alisema. Hiyo sikuwa nimewahi kuisikia. Kisha akamchukua mtoto kwangu, akaketi kwenye lile kreti aliloliacha mpwa, akawa anangoja waanze tena.